Mashine Zetu Kumi na Nne Hazijafa

Jumapili ya tatu ya Oktoba 2025, saa tisa alasiri, tulikutana wazazi na wazee wa mtaa wetu hapa Bombambili kujadili msiba usiokuwa na maiti. Miaka michache iliyopita tulichangishana tukapanga chumba kimoja, tukakusanya humo kompyuta kumi na nne zilizokwisha kutumika kwingine, ili watoto wasiokuwa na kompyuta nyumbani wapate mahali pa kujifunzia, na vijana waliomaliza shule wapate pa kuandikia maombi ya kazi na ya mikopo ya masomo. Siku hiyo kijana mmoja fundi, ambaye ninamheshimu kwa kazi ya mikono yake, alisimama akatutangazia kwamba mashine zote kumi na nne zimekufa.

"Shikamooni wazee wangu," alisema. "Windows 10 imefika mwisho tarehe 14 mwezi huu. Windows 11 haiingii humu. Hivi sasa ni vyuma chakavu. Tununue nyingine."

Akatoa na bei: shilingi 650,000 kwa mashine moja iliyotumika lakini inayofaa. Mara kumi na nne ni shilingi 9,100,000. Sisi ni kaya sabini, kwa hiyo kila kaya shilingi 130,000. Niliwaona akina mama wawili wanaouza mboga wakitazamana, kisha wakainamisha vichwa. Nilijua maana yake. Watoto wao wasingeonekana tena katika kile chumba.

Nikanyosha mkono. "Mwanangu, mashine hizi jana ziliwaka?"

"Ziliwaka, Mwalimu."

"Leo asubuhi?"

"Zimewaka."

"Basi zimekufa saa ngapi?"

Watu walicheka, lakini kicheko si hoja, na fundi alijua hivyo. Alinijibu kwa adabu: "Mwalimu, haya mambo yana wenyewe. Duniani kote kompyuta ni Windows. Hizo nyingine ni za majaribio." Kikao kikaahirishwa. Ninaandika kurasa hizi kwa sababu siku ile sikupata nafasi ya kusema yote, na kwa sababu neno "haya mambo yana wenyewe" limenikaa kooni kama mfupa wa samaki.

Nina miaka sabini na nne. Nilisomea ualimu chuoni mwanzoni mwa miaka ya 1970, nikafundisha hesabu, nikaishia kuwa mkuu wa shule mpaka nilipostaafu. Sikukua na kompyuta. Lakini kazi yangu ya maisha ilikuwa kumwambia mtoto, "Umepataje jibu hilo? Nionyeshe njia." Jibu lisilo na njia sikulipa alama hata likiwa sahihi. Sioni sababu ya kulegeza kanuni hiyo uzeeni.

Kwanza tuelewane tunabishania nini. Kompyuta ni kama shule. Ina madarasa, ina ghala, ina wanafunzi ambao ni zile programu tunazozitumia: ya kuandikia barua, ya kupigia hesabu, ya kutazamia mtandao. Lakini shule haiendi bila mwalimu wa zamu. Huyo ndiye apigaye kengele, ashikaye funguo za ghala, aamuaye nani aingie maabara na nani asubiri nje. Ndani ya kompyuta mwalimu wa zamu anaitwa mfumo endeshi. Windows ya kampuni ya Microsoft ni mmoja. Linux, ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds alipokuwa mwanafunzi huko Helsinki, ni mwingine. Upo na ule wa Apple, lakini bei ya mashine zake haijafika Bombambili, kwa hiyo tuuache upite na njia yake.

Mwalimu wa zamu aliye bora hasikiki. Ukiona siku nzima jina lake linatajwa, ujue kuna jambo limeharibika. Hivyo ndivyo nitakavyopima uimara wa mfumo: kazi ifanyike, kilichoandikwa jana kikutwe leo, na mtukutu mmoja asiweze kufunga shule nzima.

Kwa kipimo hicho, wapenzi wa Linux wana hadithi yao wanayoipenda, nami nitaisimulia kwa kuwa ni ya kweli. Windows 95 na Windows 98 zilisimama juu ya DOS, mfumo wa zamani uliokusudiwa mtu mmoja na programu moja kwa wakati. Humo mwanafunzi mmoja mkorofi aliweza kuingia ofisini, akapindua meza, na shule nzima ikafungwa. Ndipo watu walipozoea kile kioo cha buluu chenye maandishi meupe. Tena kulikuwa na saa ya ndani iliyohesabu sehemu za elfu za sekunde tangu mashine iwashwe. Saa hiyo ilijaa baada ya siku 49 na saa 17 hivi, ikarudi sifuri, na mashine ikaweza kuganda. Dawa ya kasoro hiyo ilipatikana mwaka 1999. Nawauliza wasomaji wangu wa Songea: nani kati yetu angaliigundua? Kabla ya laini ya Makambako hadi Songea kutuletea umeme wa gridi ya taifa mwaka 2018, mji wetu uliishi kwa jenereta za dizeli. Hakuna mashine hapa iliyopata kuwaka siku 49 mfululizo ili ijue kwamba ni mgonjwa.

Lakini haki ni haki. Hadithi hiyo ni ya karne iliyopita. Tangu Windows XP ilipotoka mwaka 2001, Microsoft iliuacha msingi wa DOS ikawapa watu wa kawaida msingi mwingine, uitwao NT, wenye kuta baina ya darasa na darasa. Anayeibeza Windows ya leo kwa makosa ya Windows 98 ni sawa na anayemnyima mtu kazi kwa sababu babu yake alikuwa mvivu. Nimewasikia vijana wa upande wa Linux wakifanya hivyo, na ninawaambia waache. Hawaijengi hoja yao, wanaibomoa.

Na wasidhani upande wao hauna aibu. Mwezi Machi 2024 iligunduliwa kwamba mtu aliyejifanya mchangiaji mwema alikuwa amepenyeza mlango wa siri ndani ya kifurushi kidogo kiitwacho xz, ambacho matoleo mengi ya Linux hukitumia. Kama mlango ule ungalienea, mashine zisizohesabika zingalikuwa wazi kwa mwizi. Aliyeugundua ni Andres Freund, aliyeshangaa kwa nini kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa kama nusu sekunde. Nusu sekunde! Na msomaji atashangaa zaidi nikimwambia kwamba bwana huyo alikuwa mwajiriwa wa Microsoft. Hata hivyo tazama njia yake: aliweza kuufuata uvundo mpaka jikoni kwa sababu msimbo wenyewe uko wazi kwa kila mwenye macho. Hakuhitaji kuomba ruhusa ya mtu. Huo ndio ubora wa programu huria. Hazikosi wezi, bali hazimzuii jirani kuingia na taa.

Sasa tuje kwa fundi wetu. Alikuwa na hoja tatu, nami nitazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza: Windows 10 imefikia kikomo, kwa hiyo ni hatari kuendelea nayo. Hapa ninamvulia kofia, kwani amesema kweli tupu. Kikomo maana yake ni kwamba mtengenezaji hatoi tena viraka vya kuziba matundu. Microsoft imetoa nafasi ya mwaka mmoja zaidi, hadi Oktoba 2026, kwa masharti, lakini huko ni kuahirisha. Asiyeamini hatari yake akumbuke Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilipoenea katika nchi zaidi ya 150 kikifunga mafaili ya watu na kudai fidia, mpaka hospitali za Uingereza zikawarudisha wagonjwa. Kiraka cha tundu lile kilikuwa kimekwisha kutolewa mwezi Machi mwaka uleule. Walioumia ni wale ambao hawakukipata au hawakukiweka. Kwa hiyo wale wazee wenzangu walioninong'oneza, "Mwalimu, tuziache tu kama zilivyo," siwaungi mkono. Mashine isiyopata viraka na iliyounganishwa na mtandao ni nyumba isiyo na komeo.

Lakini angalia fundi aliporuka. Alisema Windows 10 imekwisha, kwa hiyo mashine zimekufa. Hapo katikati kuna hatua imerukwa, na ni mwalimu gani wa hesabu ataiacha? Windows 11 imewekewa masharti: inataka kifaa cha usalama kiitwacho TPM cha toleo la 2.0, na kwa jumla inakataa vichakataji vya kabla ya mwaka 2017 hivi. Mashine zetu ni za kabla ya hapo. Sharti hilo lina sababu zake za usalama, sikatai. Lakini si sharti la chuma, ni sharti la mwenye mfumo. Kinanda kinafanya kazi, kioo kinaonyesha, diski inazunguka. Aliyestaafu ni mwalimu wa zamu. Je, mwalimu wa zamu akistaafu tunabomoa madarasa?

Linux Mint toleo la 22 inakubali kuingia katika mashine zetu kama zilivyo, haitozi senti, na viraka vyake vimeahidiwa hadi mwaka 2029. Baada ya hapo tutapandisha toleo jingine, nalo ni bure. Hapo shilingi 9,100,000 zinabaki mifukoni mwa waliozitolea jasho.

Hoja ya pili ndiyo nzito, na ninakiri iliniweka macho usiku. Fundi alisema, "Mwalimu, ikiharibika Linux hapa Songea utampata wapi mtu wa kuitengeneza?" Nimeishi Ruvuma muda wa kutosha kujua uzito wa swali hilo. Zamani watu walinunua baiskeli ya Phoenix, na haikuwa lazima iwe bora duniani. Waliinunua kwa sababu kila kijiji kilikuwa na mtu wa kuiziba pancha na duka la kuuza mnyororo wake. Chombo kisicho na fundi karibu si imara hata kikiwa cha dhahabu.

Jibu langu ni hili. Kwanza, mafundi hawaoti kama uyoga, hufundishwa. Tunacho chumba chenye watoto na mashine kumi na nne, halafu tunalia kwamba hakuna mafundi! Pili, nimeuliza ni matengenezo gani tunayomwitia fundi. Jibu la kweli: aghalabu ni kufuta kila kitu na kupakia Windows upya. Na hapo ndipo palipo na kidonda ambacho kikaoni hakuna aliyetaka kukigusa. Windows hiyo inayopakiwa upya mitaani aghalabu ni ya wizi.

Nitasema jambo ambalo linaniaibisha. Nilipokuwa bado mkuu wa shule tulipata kompyuta kadhaa, tukawekewa mfumo. Sitautaja jina, kwa maana haukuwa na kosa. Kosa lilikuwa letu. Ilikuwa nakala ya wizi, nami nilijua, nikanyamaza kwa kuwa ilikuwa rahisi. Nakala ile haikupata viraka. Walimu walikuja na flashi zao, kila flashi na mdudu wake, wakati ambapo mifumo mingi ilizoea kuifungua flashi yenyewe mara inapochomekwa. Siku moja faili la alama za kidato cha nne la mwaka mzima likageuka takataka. Nakala nyingine? Hatukuwa nayo. Walimu walikaa usiku mbili wakikusanya daftari za wanafunzi na kuhesabu alama upya kwa kalamu, na kuna wanafunzi ambao daftari zao hazikupatikana. Hao nilikisia alama zao. Mkuu wa shule, mwalimu wa hesabu, nikakisia. Kila ninapokutana na mmoja wao mjini, naye akaniamkia kwa furaha, najiuliza kama nilimpunja.

Tangu siku hiyo nimeamini kwamba mfumo wa kuibwa hauwezi kuwa imara, hata kama mfumo wenyewe ni mwema. Mwizi aliyekuvunjia kufuli ili uingie bure ameacha kufuli limevunjika. Fundi wetu alipoona bei yake imewashtua watu, alitoa njia ya pili: "Au basi, nitawavunjia masharti niwaingizie Windows 11 hivyohivyo." Nawaambia wazazi wenzangu, hiyo ndiyo hatari kuliko zote tatu. Hapa Songea, ambako mashujaa wetu walinyongwa mwaka 1906 baada ya vita vya Majimaji, ndugu zetu wengi waliingia vitani wakiamini kwamba kinga waliyopewa itageuza risasi kuwa maji. Ushujaa wao siuguzi, ninauinamia. Lakini watu wa mji huu hatuhitaji kufundishwa na mgeni gharama ya kutegemea kinga ambayo haijajaribiwa.

Hoja ya tatu: watoto wataikuta Windows maofisini. Ni kweli, wengi wataikuta. Lakini tuliojifunza kuandika kwenye vibao hatukushindwa kuandika kwenye karatasi. Anayejifunza kupanga barua, kujumlisha safu, kutunza faili mahali panapojulikana na kuweka nakala ya akiba, amejifunza kitu ambacho hakina jina la kampuni. Maombi ya mkopo wa elimu ya juu na maombi ya kazi za serikali hufanywa kwenye mtandao, nao mtandao haumuulizi mtu amepanda basi gani.

Tena kuna kichekesho. Wote walionicheka kikaoni walikuwa na simu mfukoni, na nyingi ni za Android. Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Na huko juu kabisa, zile kompyuta 500 zenye nguvu kuliko zote duniani, tangu Novemba 2017 zote zinaendeshwa na Linux. Basi mfumo unaobeba simu ya mama muuza mboga, na unaobeba mashine kubwa za wanasayansi, unakuwaje "wa majaribio" ukifika Bombambili?

Nasikia na hoja ya nne, ambayo fundi hakuisema lakini msomi mmoja ataisema: mji wa Munich, Ujerumani, uliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, na mwaka 2017 baraza lake likaamua kurudi Windows. Ni kweli. Lakini mji wenye maelfu ya watumishi na programu za kila idara ni jambo moja, chumba chenye mashine kumi na nne ni jambo jingine. Na hata hivyo somo la Munich ninalichukua: ziko kazi zinazodai Windows. Programu nyingi za hesabu za biashara hazifanyi kazi kwingine. Kwa hiyo sipendekezi tuzihamishe zote. Napendekeza kumi na mbili ziingie Linux, na mbili tununue mpya zenye Windows 11 halali, iliyolipiwa, kwa ajili ya vijana wanaojifunza uhasibu. Mbili ni shilingi 1,300,000. Gawanya kwa kaya sabini: haifiki shilingi 19,000.

Labda msomaji atauliza, mzee huyu ana ugomvi gani na Microsoft? Sina. Nikikumbuka vema, taifa letu limewahi kuikosea kompyuta kwa namna iliyo kinyume. Wizara ya Fedha ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965. Mambo hayakwenda vizuri, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Nilikuwa mwalimu kijana wakati ule na niliona ni sawa. Katika miaka ya 1980 mlango ukaanza kufunguliwa. Basi kwanza tulifunga mlango kwa hofu bila kuuliza, sasa tumeufungua kwa pupa bila kuuliza. Ninachogombana nacho ni kutouliza.

Wapo kati yetu waliouliza. Mwishoni mwa mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanyika katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na Waswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayomsemesha mtumiaji kwa Kiswahili. Waliweza kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Hawakupiga magoti mlangoni kwa mtu. Katika miaka hiyohiyo Microsoft nayo ikatoa Windows na Office kwa Kiswahili, na hilo ni jambo jema, ila lilitegemea mwenye nyumba apende. Ni wachache leo wanaoikumbuka kazi ile ya Dar es Salaam. Wale wanaosema "haya mambo yana wenyewe" wangepaswa kujua kwamba wenyewe walipata kuwa sisi.

Na liko jambo lililonigusa kama mtu wa Songea. Linux Mint imejengwa juu ya Ubuntu, mfumo uliotolewa mara ya kwanza Oktoba 2004 chini ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Ubuntu ni neno la lugha za Kinguni, nalo ndilo neno letu "utu". Mababu wa Wangoni walitoka huko kusini, wakavuka Zambezi mwaka 1835, wakafika mpaka milima hii. Neno hilo linapofunguka kwenye kioo hapa Bombambili, haliji ugenini.

Baada ya kikao kile niliomba mashine tatu kwa majaribio. Sikuzitengeneza mimi. Msichana wa kidato cha tatu alisoma maelekezo, akaweka mfumo kwenye flashi, na kabla ya jua kuzama mashine ya kwanza ilikuwa imewaka. Nikafungua daftari la mahudhurio, kama nilivyofanya maisha yangu yote, nikaandika mashine zote kumi na nne kwa namba: aliyepo, mtoro, mgonjwa, na sababu.

Daftari hilo halikunipendelea, na hilo ndilo jambo zuri la daftari. Mashine za Linux ziliwaka vizuri, lakini mashine ya kuchapisha ilitugomea siku nne mpaka msichana yule alipopata kiendeshi chake. Barua moja iliyoandikwa kwenye Windows ilifunguka upande wa pili jedwali likiwa limepinda. Nimeandika yote. Lakini nilipojumlisha sababu za utoro wa mashine zote, za mfumo huu na za mfumo ule, niliona kwamba kilichozilaza zaidi hakikuwa mfumo wowote. Ni umeme kukatika, vumbi kuziba feni, na panya aliyetafuna waya. Mifumo yote miwili siku hizi ina shajara: kabla ya kubadili faili huandika kwanza inakusudia kufanya nini, ili umeme ukikatika katikati ijue pa kuanzia. Basi yale majivuno ya pande zote mbili, kwamba wangu hauanguki na wako huanguka, nimeyakuta madogo kuliko panya.

Tofauti niliyoibakiza ni moja, na ndiyo iliyonifanya nichague upande. Mfumo mmoja ukifikia mwisho, tarehe inapangwa mbali na sisi, na bei inashushwa kwetu. Mwingine ukifikia mwisho, msichana wa kidato cha tatu anaweka mpya jioni moja. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Uimara si kutoanguka tu. Uimara ni kuweza kuinuka bila kuomba nauli.

Kwa fundi wetu nina neno la mwisho, nalo ni la heri. Mwanangu, sikutaka kukunyima mkate. Ulisema kweli kuhusu hatari na ulisema kweli kuhusu ukosefu wa mafundi. Njoo uwafundishe watoto Linux Jumamosi mbili kila mwezi, kikundi kikulipe kwa ufundi wako badala ya kulipia vyuma. Mazungumzo hayo nimeyaanza naye kando. Bado hajasema ndiyo, ila ameomba flashi ya kujaribia nyumbani kwake.

Kikao kitaitishwa tena. Nitakwenda na daftari langu. Wanaotaka mashine mpya nao waje na lao, wenye mboga na wenye maduka wote wakae mstari wa mbele, na kabla hatujapiga kura tusome mahudhurio kwa sauti.